Ufundi wa Kulea Kijiwe cha Bao

Bao huchezwa na watu wawili, lakini haliwezi kuishi kwa watu wawili, kwa maana wachezaji waliozoeana mno husomana mpaka pambano likapoteza ladha, na mmoja wao akisafiri au akifiwa, ubao huegemezwa ukutani ukashika vumbi. Kinachoufanya mchezo huu udumu ni kijiwe, yaani mahali palipozoeleka ambapo watu walewale hukutana kwa saa zilezile. Pwani kazi hiyo hufanywa na baraza, ule ukumbi wa kukalia uliojengwa mbele ya nyumba, ilhali bara jina limetokana na jiwe dogo tu ambalo mtu hujikalia. Kukipata kijiwe cha kutegemewa, na zaidi kukitunza kisivunjike, ni ufundi kamili, ingawa sifa ya fundi, ambayo wacheza bao humpa bingwa wao, huachiwa yule ajuaye kula kete peke yake.

Ugumu wa mchezo wenyewe ndio unaodai uthabiti huo. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 yaliyopangwa katika safu 4, na kete 64, ambazo pwani ni komwe, mbegu ngumu za kijivu za mti wa mkomwe. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni, 6 kati yake zikiwa katika nyumba, lile shimo la mraba lenye haki zake, na kete 22 zilizobaki huzishika ili aziingize moja moja katika hatua iitwayo namua; zikiisha mkononi huanza mtaji, ambapo kila mmoja hucheza kwa alichonacho ubaoni, mpaka safu ya mbele ya mmoja wao iwe tupu au akose pa kuchezea. Kete moja inaweza kuzunguka, ikala, ikazunguka tena kabla ya kulala, yaani kuishia katika shimo lisilo na kitu, na kuuona mwisho wa mzunguko huo kabla ya kunyanyua mkono hakuji kwa siku moja. Muyaka bin Haji wa Mombasa alilitungia bao shairi, na Alex de Voogt, aliyefanya utafiti Zanzibar na kuuchapisha mwaka 1995, aliuchukulia umahiri wa mafundi wa huko kuwa jambo linalofaa kupimia uwezo wa akili ya mwanadamu. Umahiri wa namna hiyo hauoti nje ya kijiwe.

Momela, chini ya Mlima Meru, ni mahali panapokipima kijiwe kwelikweli. Hapo ndipo lilipo lango wanapoanzia wapandaji wa mlima huo wenye kimo cha mita 4,566, wakisindikizwa na askari wa hifadhi mwenye bunduki kwa sababu ya nyati na tembo, na mpagazi anayebeba mizigo kupitia kituo cha Miriakamba hadi kile cha Saddle huwa nje ya nyumba yake kwa siku tatu au nne mfululizo. Ongeza siku za soko la Tengeru, Jumatano na Jumamosi, na wakati wa kuchuma kahawa kwenye miteremko ya mlima, na itaonekana kwamba hakuna jioni ambayo watu wote wanane au kumi wa kijiwe watakuwapo pamoja. Anayedai wote wahudhurie atabaki peke yake na ubao wake. Kijiwe chenye uhai hujengwa juu ya hesabu nyingine: saa na mahali havibadiliki, hata kama nyuso zinabadilika, ili anayeshuka mlimani akiwa na miguu inayouma ajue bila kuuliza kwamba atawakuta wenzake.

Ndiyo maana mtu muhimu kuliko wote si bingwa, bali mtunza ubao. Mikono yake ndiyo ya kwanza kuonekana: humimina kete juu ya mkeka, huzihesabu mbilimbili mpaka zitimie 64, na ikipungua moja huokota kokoto iliyo karibu kuwa sawa nayo, akaigeuzageuza kiganjani kuona kama itaketi vizuri shimoni, kisha hupanga sita, mbili na mbili kila upande. Yeye ndiye anayesimamia desturi ya vijiwe vingi, kwamba aliyefunga hubaki na aliyefungwa hupisha. Desturi hiyo ni nzuri kwa sababu kila anayesubiri ana hakika ya zamu, lakini ina sumu yake: penye fundi mmoja mkali, wengine hufungwa kwa dakika chache, huinuka, na baada ya wiki mbili hawaji tena. Mtunza ubao mwenye busara humwomba bingwa naye apishe akishinda mara tatu, na bingwa anayekubali amekifanyia kijiwe jambo kubwa kuliko ushindi wake.

Mgeni naye ana njia yake, nayo ni bao la kujifunza, ambalo kila shimo huwekwa kete mbili tangu mwanzo, na hatua ngumu ya namua ikaachwa. Kinachomfukuza mgeni kwa kawaida si kufungwa bali ni midomo ya watazamaji, wale wanaomwelekeza kila shimo mpaka asijue kama anacheza yeye au umati. Kuhusu umri, Wameru na Waarusha, wenyeji wa eneo la mlima huo, huheshimu sana rika, na hapo ubao hufanya kazi ya ajabu: kijana humwamkia mzee shikamoo, huketi mbele yake, humla kete zote, kisha humuaga kwa heshima ileile, na hakuna aliyevunjiwa adabu.

Tatizo la wachezaji kutoweza kuwapo wote pamoja si la Afrika Mashariki peke yake. Tangu mchezo wa Dungeons & Dragons uchapishwe Marekani mwaka 1974, ambao watu huketi mezani kila mmoja akiigiza mhusika wa hadithi moja inayoendelea kwa miezi, wachezaji wake wamelalamikia jambo hilohilo, kwani mhusika akikosa mwenyewe hadithi hukwama. Bao lina nafuu hapo, kwa kuwa kiti kilicho wazi hujazwa na anayesubiri.

Wapo wanaowaita watu wa vijiweni wavivu, na hukumu hiyo haiwatendei haki watu waliotoka kubeba mizigo mlimani. Masika yanapoanza mwezi Machi na wageni wakapungua langoni, wapagazi na waongozaji wengi wako nyumbani, na huo ndio wakati wa kuanzisha kijiwe kipya. Anayekitaka na atafute ubao, kete 64, kivuli kisichovuja, na jirani mmoja anayekubali ubao ulale kwake.