Christophe Plantin na Heshima ya Herufi

Kisu ndicho kilichomsukuma Christophe Plantin kwenye uchapaji. Mfaransa huyu, aliyezaliwa karibu na Tours mnamo 1520 hivi, alihamia Antwerp mwishoni mwa miaka ya 1540 akiwa mjalidi vitabu, na ngozi alizozitia nakshi za dhahabu zilipendwa na wakubwa. Simulizi ya ukoo wake inasema kwamba usiku mmoja, akipeleka kazi kwa mteja, walevi walimdhania mtu mwingine wakamchoma. Alipona, lakini mwili haukumruhusu tena kushinda ameinamia ngozi. Mwaka 1555 akatoa kitabu cha kwanza chenye chapa yake. Kilihusu malezi ya binti wa ukoo bora, na kwa mtu aliyekuja kulea mabinti kama aliowalea yeye, sioni mwanzo uliomfaa zaidi.

Tukitaka kumwelewa, tusimame kwanza pale kazi ilipofanyika. Mpangaji herufi alisimama mbele ya sanduku lenye vijumba vingi, kila kijumba na herufi yake ya risasi. Aliziokota mojamoja, akazipanga kichwa chini kwenye kifaa alichokishika kwa mkono wa kushoto, mstari baada ya mstari, hadi ukurasa ukatimia. Kwenye mtambo walikuwapo wawili: mmoja alipaka wino kwa mipira ya ngozi, mwenzake akaweka karatasi iliyoloweshwa kidogo kisha akavuta mpini kwa nguvu zake zote. Kazi ya siku moja kwa mtambo mmoja ilikuwa karatasi 1,250 hivi, pande zote mbili. Kurasa zikishachapwa, herufi zilioshwa na kurudishwa kila moja kwenye kijumba chake, maana hakuna kiwanda kilichokuwa na risasi ya kutosha kuuacha ukurasa umepangwa. Hapo ndipo ninapovutiwa zaidi. Kosa lililopita bila kuonekana lilikwisha kuenea katika nakala zote, na ukurasa wenyewe haukuwapo tena wa kurekebishwa.

Ndiyo maana sifa yangu kwa Plantin haianzii kwenye wingi wa mitambo yake, ingawa katikati ya miaka ya 1570 alikuwa nayo 16 na wafanyakazi zaidi ya 50, na Ulaya wakati huo haikuwa na viwanda vingi vya kulinganisha na chake. Inaanzia kwenye prufu, ile nakala ya majaribio inayosomwa ili makosa yasahihishwe kabla ya kuchapa.

Kazi yake kubwa kuliko zote ilikuwa Biblia ya lugha tano: Kiebrania, Kigiriki, Kilatini, Kiaramu na Kisiria. Ni majuzuu manane makubwa, yaliyoanza kuchapwa 1568 chini ya udhamini wa Mfalme Felipe wa Pili wa Hispania, aliyemtuma mwanazuoni Benito Arias Montano kuisimamia. Hebu fikiria ukurasa ambao mstari mmoja unasomwa kutoka kulia na jirani yake kutoka kushoto, na vyote sharti vilingane aya kwa aya. Herufi za Kisiria zilichongwa na fundi Robert Granjon. Na prufu? Katika barua ya mwaka 1570, Plantin alieleza kwamba binti yake Magdalena, mwenye umri wa miaka 13 hivi, ndiye aliyezipeleka kwa Montano na kumsomea kwa sauti maandishi ya asili katika lugha zote hizo. Dada zake nao walikuwa wamesaidia kusoma prufu tangu wadogo. Mtoto aliyesoma herufi kwa herufi, bila kubahatisha maana, hakurukwa na nukta. Huyo ni fundi kamili, na ningependa jina lake litajwe kila linapotajwa la baba yake.

Misukosuko haikumwacha mzee huyu. Mwaka 1562 wafanyakazi wake walichapa kijitabu cha sala kilichohesabiwa uzushi. Yeye alikuwa Paris, na mali yake ikapigwa mnada. Mwaka uliofuata akaanza upya. Novemba 1576 askari wa Hispania waliokosa mishahara waliupora mji, naye kwa maneno yake mwenyewe alilazimika kujikomboa mara tisa. Mitambo mingi ikanyamaza. Alirudi kazini tena. Nembo yake ilikuwa bikari, na kaulimbiu yake ya Kilatini ilimaanisha kazi na uthabiti.

Alipofariki tarehe 1 Julai 1589, kiwanda cha Antwerp kilibaki mikononi mwa Jan Moretus, aliyeingia humo akiwa kijana mdogo na kumwoa Martina, binti mwingine wa Plantin. Wazao wao waliendelea kuchapa hadi karne ya 19. Mwaka 1876 Edward Moretus aliuza nyumba na vilivyomo kwa mji wa Antwerp, ikawa makumbusho, na mwaka 2005 UNESCO ikaiorodhesha kuwa urithi wa dunia. Mitambo miwili ya mnamo 1600 ingalimo, ndiyo mikongwe kuliko yote iliyobaki duniani. Inastahili kutazamwa kwa makini. Lakini humohumo kuna chumba cha wasahihishaji chenye meza yao kubwa, na atakayeniuliza aanzie wapi ziara yake nitamwelekeza huko kwanza.