Kusoma maelekezo ya Long-EZ

Habari za watu wanaojiundia ndege tunazipenda. Gabriel Nderitu wa Kenya ameandikwa, na Adam Kinyekile wa Tunduma, yule wa helikopta, naye kaandikwa. Ila nyingi nilizosoma zinaishia usoni: ana ndoto, serikali imsaidie, picha. Mikono inafanya nini? Kimya. Kijana anayechomelea mageti hapa Nangwa akimaliza kuzisoma atapiga makofi tu, basi.

Kwa hiyo leo nahakiki maandishi ambayo hakuna anayeyaita fasihi: maelekezo ya kujenga Long-EZ, ndege ya watu wawili ya Burt Rutan, iliyoruka mara ya kwanza 1979. Bawa lake ndani ni povu gumu, ndugu wa lile jeupe linaloshikilia TV mpya kwenye boksi. Linakatwa kwa waya wa moto, kisha linavishwa faibaglasi.

Sehemu ya kukata ndiyo tamu. Kila ncha ya povu inawekwa kiolezo chenye namba pembeni. Watu wawili wanashika waya, mmoja huku, mwingine kule, na namba zinatajwa kwa sauti ili wazifikie pamoja. Bawa ni pana upande mmoja, jembamba upande wa pili, kwa hiyo mmoja anakwenda upesi na mwenzake anajivuta. Mkiharakisha, waya unabaki nyuma katikati, na umbo linaharibika mahali ambapo hakuna kiolezo cha kuwaonya. Mi sijui tamthilia ngapi zina wahusika wawili wanaotegemeana hivyo.

Vipande vinaunganishwa kwa epoksi iliyochanganywa na chembe za kioo zenye uwazi ndani, nyepesi kama unga. Na kila katazo lina sababu yake: povu la yurethani usilikate kwa waya wa moto, maana moshi wake ni sumu, lichonge kwa kisu na msasa. Sisi tumezoea "NI MARUFUKU" ukutani, nukta.

Kasoro ipo. Masahihisho ya michoro yalitoka kidogo kidogo kwenye jarida lao, Canard Pusher, hivyo mwenye michoro peke yake ana kitabu nusu. Rutan aliacha kuuza michoro 1985, na hapo mzigo wa kuyasaka ukabaki kwa msomaji.

Na msomaji asiyefuata? Oktoba 1997 mwimbaji John Denver alikufa akirusha Long-EZ aliyoinunua ikiwa imeshajengwa. Aliyeijenga alikuwa amehamishia swichi ya kuchagua tangi la mafuta nyuma ya bega la rubani, tofauti na michoro. Wachunguzi waliitaja.

Mwandishi atakayekwenda tena Tunduma amuulize Kinyekile alipima kwa nini, aliunga kwa nini, na kwa nini pale na si kwingine. Picha ya uso tunayo tayari.