"Mbesa" haikutoka Ureno

Leo ninadhamiria kulihakiki dai kwamba neno "pesa", na kwa hivyo "mbesa" ya Wakamba wa Kitui na Makueni, ni zao la neno la Kireno "peso". Dai lenyewe lina mvuto. Wareno walituachia meza, leso, mvinyo na bendera, basi mbona wasituachie pesa?

Haya, tulipime. Kilatini kilikuwa na "pensum", kitu kilichopimwa kwa mizani. Kwa Mreno na Mwitaliano, "peso" ni uzani tu. Mhispania ndiye aliyeligeuza pia kuwa jina la sarafu, kwa kuwa fedha ilipimwa kwanza ndipo ikalipwa. Wareno wenyewe walihesabu kwa "real". Sasa wangetukopesha vipi jina ambalo sarafu yao haikuwa nalo?

Ushahidi unatuelekeza Bara Hindi. "Paisa" ilikuwa sarafu ndogo ya huko. 64 zilifanya rupia moja. Sauti "ai" kwetu hugeuka "e", kama "shaitani" lilivyokuwa "shetani", na irabu "a" ya mwisho iko pale pale. "Peso" ingebaki na "o" yake, kama "lenço" lilivyobaki "leso". Isitoshe, sarafu za mwaka 1888 za kampuni ya Imperial British East Africa, zenye jina la Mombasa, zilikuwa pesa za aina hiyo hiyo. Kisha reli ikapita Kibwezi na Makindu, ikijengwa na vibarua kutoka India. Hekalu la Masingasinga la Makindu, la mwaka 1926, bado lipo.

Kikamba kililipa neno sauti yake, "mb", sawa na Wakikuyu wanaosema "mbeca". Maana nayo ikapanuka: kilichokuwa kisarafu kidogo kikawa jina la fedha zote.

Kufanana kwa sauti kumewanasa hata wasomi wa Ufaransa. Neno lao la uzani, "poids", linatokana na "pensum" hiyo hiyo, lakini walilitia "d" wakidhani asili yake ni "pondus". Herufi hiyo haitamkwi, na bado kila mtoto wa huko hulazimika kuiandika.

Kosa likiingia darasani halitoki upesi. Mwanafunzi wa Mwingi au Wote akifunzwa "peso", amefunzwa kuamini sikio bila kuuliza nani alileta sarafu, na amenyimwa historia ya reli iliyopita Ukambani kwao.