"Kufunga", "Kunasa" na "Kukwama": Istilahi za Mkanda wa Kiti

Maelezo ya matengenezo ya magari makuukuu tuliyoyapitia yanasema: "Mkanda ukifunga, ni mbovu." Tafsiri hii ina hatari. Abiria hufunga mkanda kwa kuuchomeka. Lakini mkanda nao hujifunga gari lisimamapo ghafla, na hapo ndipo unapookoa maisha. Fundi wa Sumbawanga akiyafuata maelezo haya ataung'oa mkanda mzima.

Kasoro yenyewe ni nyingine. Vumbi la kiangazi la Ufipa huganda katika mkanda na katika pete unamopita, ukachelewa kurudi. Dawa yake ni kuuvuta wote, kuusugua kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali, na kuukausha kabla ya kuuachia. Mkanda usitiwe mafuta, wala springi isifunguliwe.

Kwa hiyo tunapendekeza neno kufunga libaki kwa kitendo cha abiria, kunasa liwe kwa kazi ya mkanda wakati wa dharura, na kukwama liwe kwa kasoro. Mkanda usionasa, au unaokwama hata baada ya kusafishwa, hubadilishwa.

Walimu wa ufundi wa Rukwa watuletee maneno yatumikayo katika gereji zao.