Kubana Jibu Kabla Halijaondoka: Jinsi Express Inavyoamua

Katika programu ya Node.js iliyojengwa kwa Express, kubana majibu huonekana kazi ya mstari mmoja. Unaita moduli iitwayo compression juu ya njia zako, basi. Ukiufungua msimbo wake utakuta kwamba kubana kwenyewe kumeachiwa zlib, maktaba ya Jean-loup Gailly na Mark Adler inayotegemewa tangu miaka ya 1990. Kazi iliyobaki, tena ndiyo ngumu, ni kuamua kama jibu hili libanwe au liachwe.

Ombi linapoingia ni mapema mno kuamua. Seva bado haijui kama itajibu kwa HTML au kwa picha, wala jibu litakuwa na ukubwa gani. Vichwa vya jibu vikishatoka, muda umepita, maana kivinjari hutaarifiwa kupitia Content-Encoding kwamba kinachofuata kimebanwa. Upenyo uliopo ni mmoja: programu imeshapanga vichwa lakini haijavituma. Ili kuupata, moduli huweka write na end zake mahali pa zile za jibu, kisha husubiri hadi vichwa vinapotaka kuondoka.

Hapo maswali huanza. Je, maudhui ni ya aina inayobanika? JPEG na video zimeshabanwa tayari, na kuzipitisha tena kwenye gzip ni kuichosha prosesa bure. Je, Cache-Control ina agizo la no-transform? Kama lipo, jibu haliguswi. Baada ya hapo moduli huandika Vary: Accept-Encoding, na ndipo hutazama ukubwa.

Mpangilio huo una akili kubwa kuliko unavyoonekana. Vary huiambia kache iliyo njiani kwamba jibu la anwani hii hutegemea kile ambacho kivinjari kimesema kinaweza kukifungua. Pasipo hiyo, kache inaweza kuhifadhi jibu lililobanwa na kumpa mteja asiyeijua gzip, naye akaambulia herufi zisizosomeka. Lakini kwa nini iandikwe hata kwa jibu dogo ambalo halitabanwa? Kwa sababu anwani ileile yaweza kutoa orodha fupi asubuhi na orodha ndefu jioni, na kache inapaswa kujua hivyo tangu jibu la kwanza.

Kikomo cha kawaida cha ukubwa huo ni kilobaiti 1. Gzip huongeza baiti zisizopungua 18 za kichwa na mkia wake, na algorithimu iliyo ndani yake, DEFLATE, hupata nafuu kwa kutafuta mifuatano ya baiti 3 au zaidi iliyokwisha kupita katika kilobaiti 32 za nyuma. Maandishi mafupi hayana mengi ya kurudiwa. Brotli, iliyochapishwa kama RFC 7932 mwaka 2016, ililikabili tatizo hili kwa kubeba kamusi yake ya baiti 122,784, yenye vipande vya HTML na maneno ya Kiingereza, Kihispania, Kichina, Kihindi, Kirusi na Kiarabu. Kiswahili hakimo. Ukurasa wetu mfupi hufaidika na vipande vya HTML, ila maneno yake hungoja yajirudie yenyewe.

Jibu likikubaliwa kubanwa, Content-Length huondolewa, kwa kuwa urefu uliotangazwa si wa kweli tena. Kuanzia hapo data hupita ndani ya zlib, ambayo hukusanya kwanza kabla ya kutoa. Kwa ukurasa wa kawaida hakuna tatizo. Kwa matukio ambayo seva huyatuma moja baada ya jingine, ujumbe unaweza kukwama humo huku mtumiaji akitazama skrini isiyobadilika. Ndiyo maana moduli huongeza res.flush(), ya kuitwa kila baada ya tukio.

Yote haya moduli huyaamua kwa kutazama mbinu (method) ya ombi, vichwa na ukubwa. Maana ya kilichomo ndani haiioni. Shambulio la BREACH, lililowekwa hadharani mwaka 2013, lilipita hapo hapo: ukurasa ukiwa na tokeni ya siri na pia ukirudisha maneno aliyoyatuma mtumiaji, mshambuliaji hupima urefu wa majibu yaliyobanwa na kuikisia siri herufi kwa herufi, hata chini ya HTTPS. Kukisia sawasawa huzaa marudio, na marudio hufupisha jibu. Dawa moja ipo katika chaguo la filter, ambalo huruhusu kurasa za namna hiyo zitoke bila kubanwa. Kuzitaja ni kazi ya aliyeandika programu, kwa sababu ndiye anayejua siri ziko kurasa zipi.