Shule ya Kabulwarnamyo

Nawarddeken Academy ni shule ya Waaborijini kwenye uwanda wa mawe wa Arnhem Magharibi, kaskazini mwa Australia. Ilifunguliwa Kabulwarnamyo mwaka 2015 ili wazazi wanaolinda ardhi takatifu ya mababu, yenye michoro ya kale miambani, wasihamie mjini kusomesha watoto. Mbali na hesabu na Kiingereza, watoto hujifunza lugha yao. Wazee huwapeleka porini kutambua nyayo na mimea, na kuona moto mdogo ukiwashwa mapema kiangazi, nyasi zikiwa bado mbichimbichi, ili moto mkali wa baadaye ukose kuni. Kwa somo hilo pekee shule inastahili pongezi. Baadaye katika makazi ya Mamardawerre na Manmoyi nako kukafunguliwa madarasa.