Hekaya na Hisabu

Katika mwaka 1974 yalitendeka mambo mawili mahali mbalimbali, wala hapakuwa na mtu ambaye angeyadhania kuwa yana nasaba. Huko Wisconsin, Marekani, Gary Gygax na Dave Arneson walitoa nakala 1,000 za mchezo wao uitwao Dungeons & Dragons, uliochezwa mezani kwa karatasi, kalamu na dadu, kila mchezaji akijivika nafsi ya askari, kuhani au mchawi; na hapa Tanzania serikali, baada ya mashine zilizotegemewa kwa hisabu zake kuleta hasara badala ya nafuu, ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Hivyo basi, vijana wa Marekani walipoanza kuuhamishia mchezo ule wa mezani ndani ya kompyuta za nyumbani, sisi wa nyanda za kati tulikuwa mbali kabisa na habari ile. Na ilipotufikia, baada ya marufuku kulegezwa katika miaka ya 1980 na 1990, ilitufikia kwa mkupuo mmoja, ya kale na mpya pamoja, ndani ya kompyuta zilizokwisha tumika ng'ambo, na baadaye katika flashi zilizopita mkono kwa mkono kwenye mabweni ya Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007. Kuchelewa huko kulikuwa na faida yake. Mtu aliyeipokea kazi ya miaka ishirini kwa wakati mmoja, bila kelele za matangazo wala ushindani wa wauzaji, aliweza kuitazama kama sahifa zilizowekwa rafu moja, akaona ni ipi iliyotungwa kwa ustadi na ipi iliyopambwa tu.

Michezo hii ya uhusika imegawanyika tangu zamani katika matapo mawili. La kwanza ni tapo la hekaya, lenye panga na ngao, majoka, sihiri na mizingile ya chini ya ardhi, na milango yake mikubwa katika kompyuta za nyumbani ni Wizardry ya Andrew Greenberg na Robert Woodhead, pamoja na Ultima ya Richard Garriott, zote mbili za mwaka 1981. La pili ni tapo la sayansi ya kubuni, lenye vyombo vya angani, sayari ngeni, mashine zenye akili na nchi zilizoteketezwa kwa silaha. Nalo halikupata umati wa wapenzi kama lile la kwanza, walakini kwa maoni yangu ndilo lililodai ustadi mkubwa zaidi, na hoja zangu nitazieleza kwa utaratibu.

Msomaji wa Kiswahili si mgeni katika mambo haya hata kidogo. Aliyelelewa na Alfu Lela u Lela, kisha akasoma Adili na Nduguze na Kusadikika za Shaaban Robert, ajua ya kwamba nchi isiyoonekana katika ramani yoyote yaweza kuwa na sheria, mahakama na dhuluma zake, na ya kwamba Karama, ajiteteapo kwa kusimulia safari sita za wajumbe wa Kusadikika, awafanya wasomaji waihukumu nchi ile kana kwamba ni jirani. Lakini katika kitabu mkono wa msomaji hubaki nje; husoma yaliyokwisha amuliwa. Kompyuta ilichoongeza ni jibu. Mchezaji huuliza, hutenda, hukosea njia, hukataa kufanya alilotarajiwa kufanya, na nchi ile ya kubuni haina budi kumjibu, hata katika jambo ambalo mtungaji hakuliwaza alipokuwa akiandika usiku. Maana yake mtungaji hatungi matukio peke yake, bali hutunga kanuni ambazo matukio yatazaliwa kwazo wakati yeye mwenyewe hayupo. Huo ndio ufundi ninaotaka kuusifu, na kipimo chake, kwangu mimi, ni uaminifu wa jibu hilo.

Nitaanza na hekaya, kwa kuwa ndiyo kongwe. Mwaka 1985 Garriott alitoa Ultima ya nne, na katika mchezo ule hakuna mfalme mwovu wa kumuua mwishoni. Kazi ya mchezaji ni kuwa mtu mwema, kwa kutimiza fadhila nane, miongoni mwazo ukweli wa maneno, huruma, ushujaa na unyenyekevu. Katika miji yake yumo muuzaji kipofu wa dawa za kufanyia sihiri, ambaye baada ya kutaja bei humwachia mnunuzi mwenyewe kuhesabu dinari azitoazo, wala hana njia ya kujua kama amepunjwa. Mchezaji aweza kumpunja. Muuzaji atashukuru, mzigo utachukuliwa, na hapana ngurumo wala adhabu ionekanayo. Ila mahali pasipoonekana, katika tarakimu ambazo mchezaji haonyeshwi, sifa yake ya uaminifu imepungua, na siku atakapotaka kutambuliwa kuwa mwaminifu ndipo atakapokuta mlango umefungwa. Sijui njia bora kuliko hii ya kufundisha maadili kwa mashine. Mtungaji hakuhubiri. Alimweka mtu peke yake pamoja na kipofu na sarafu, kisha akayaandika matendo yake kwa siri.

Hekaya hufaulu hivi kwa sababu hujengwa juu ya amana iliyorithiwa. Mchezaji haulizi kwa nini neno fulani laponya jeraha au kwa nini pete yamficha mtu. Ameyapokea hayo kabla hajaketi mbele ya kioo. Sisi tunaoishi karibu na Kondoa twalielewa hili vema. Katika michoro ya miambani ya Kolo na viunga vyake, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006 na ambayo Mary Leakey aliinakili kwa mkono wake mwaka 1951, kuna watu warefu wembamba wenye vichwa vya ajabu, na wanyama waliochorwa kwa rangi nyekundu. Wenyeji wameendelea kupeleka katika baadhi ya mapango hayo maombi ya mvua na ya uponyaji, bila kudai kwanza waambiwe mchoraji alikuwa nani. Nguvu ya mahali pale ni ya kupokewa. Mtungaji wa hekaya hukopa nguvu ya namna hiyo, na akikopa kwa adabu huipata nchi yake ikiwa nusu imekwisha jengwa katika moyo wa mchezaji. Ila mkopo huo huo ndio uliowavivisha wengi, maana michezo mingi ya tapo hili imerudia mbilikimo, majoka na wanamsitu wale wale wa mwandishi Tolkien hata mtu hawezi kuibagua kwa majina.

Mtungaji wa sayansi ya kubuni hana mtaji wa namna hiyo. Akisema watu wanaishi katika sayari fulani, ataulizwa wanavuta hewa gani. Akisema chombo kinaruka baina ya nyota, ataulizwa kinachoma nini. Mchezo wa Starflight wa mwaka 1986 ulikubali maswali yote mawili. Watungaji wake waliweka mifumo ya nyota 270 na sayari 800 katika diski mbili ndogo, ambazo leo zisingetosha picha moja ya simu, na waliweza hayo kwa sababu hawakuzihifadhi sayari zenyewe, bali walihifadhi kanuni ambayo kwayo kila sayari huhesabiwa upya mchezaji anapoifikia, milima yake ikiwa pale pale alipoiacha. Juu ya hisabu hiyo wakajenga fumbo. Nahodha huchimba fueli ya vito katika sayari, huinunua, huiuza, hukiendesha chombo kwayo kwa muda mrefu bila wasiwasi, mpaka upelelezi wake mwenyewe unapomfikisha kwenye habari ya kwamba vito vile ni viumbe hai wenye akili, wanaoishi kwa taratibu mno hata hatukuwatambua, na kwamba maangamizi yanayozikumba nyota ni ulinzi wao dhidi yetu. Hapo swali la fueli, ambalo katika hekaya lisingeulizwa, limegeuka kuwa swali la dhamiri. Naona haya ndiyo mafanikio makubwa kabisa ya tapo la pili: kwamba kila sababu, ikifuatwa kwa ukamilifu, humfikisha mtu kwa jirani aliyedhulumiwa.

Kadhalika Wasteland ya mwaka 1988, inayosimulia kikosi cha walinzi wa jangwani baada ya vita ya nyuklia, ilibanwa na udogo wa diski. Basi watungaji wakayatoa maelezo marefu nje ya mashine na kuyapiga chapa katika kijitabu, mchezaji akiambiwa asome aya ya namba fulani afikapo mahali fulani. Na kwa kuwa walijua kuna watakaokisoma kijitabu chote kabla ya wakati, wakachanganya humo aya za uongo, pamoja na kisa kizima cha watu wa Mars kisichokuwamo katika mchezo. Nastaajabia ustadi huu wa kugeuza ufukara wa chombo kuwa utajiri wa hadithi.

Sasa nifike penye jambo linalonihusu zaidi mimi niliye mwenyeji wa Dodoma. Mwaka 1997 Tim Cain na wenzake walitoa Fallout, na agizo la kwanza la mchezo ule si kuokoa binti mfalme wala kutafuta upanga: ni maji. Watu waliojificha chini ya ardhi tangu vita ya nyuklia wameharibikiwa na kifaa cha kusafishia maji, na mchezaji hupewa siku 150 akatafute kingine katika nchi kavu iliyo juu. Mtu wa mahali penye mito aweza kuliona agizo hilo kuwa kisingizio tu cha kuanzia safari. Anayeishi hapa, ambapo mvua ya mwaka mzima ni kati ya milimita 500 na 600, nayo hunyesha baina ya Desemba na Aprili kisha mbingu hufunga, na ambapo mji umetegemea visima vya Makutupora tangu ulipokuwa mdogo, hakioni kisingizio chochote hapo. Na penye kifaa chenyewe ndipo ufundi unapodhihiri, kwa maana kipo katika magofu ya mji wa watu walioharibika kwa mionzi, nao wanakitumia. Ukikichukua ukaenda zako, watu wako wataishi na wale watakosa maji. Mchezo haukukatazi. Lakini kuna pampu mbovu mahali pale, na mwenye maarifa ya ufundi, akitafuta vipuri, aweza kuitengeneza kwanza ndipo achukue alichojia, na wote wakanywa. Katika Ugogo, nchi yetu hii ya Dodoma, ambako njaa ya Mtunya ya miaka ya 1917 hadi 1920, iliyokuja baada ya majeshi ya Wazungu kuchukua nafaka, ng'ombe na wapagazi, ilibaki katika kumbukumbu kwa jina lake kama abakivyo mtu, swali la nani anywe kwanza baada ya maangamizi si la kubuni. Mababu walilijibu kwa miili yao.

Yanipasa kutaja hatari ya hisabu pia, nayo mfano wake tunao hapa hapa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha Kongwa mradi wa karanga wa mamilioni ya ekari, uliopangwa ofisini kwa tarakimu nzuri sana. Mibuyu ikakataa kung'oka, udongo ukakauka ukawa mgumu kama sakafu, mvua ikakosekana, na kufikia 1951 zilikuwa zimepotea pauni zipatazo milioni 36. Ipo michezo mingi ya sayansi iliyotungwa hivyo hivyo, yenye majedwali ya bunduki na mitambo, ilhali nchi yenyewe haijatembelewa na fikra ya mtungaji, wala mkazi wake hana la kusema ila kutaja bei. Fallout iliepuka balaa hilo kwa kuzifanya tarakimu ziseme: mchezaji akimuumba mhusika mwenye akili duni mno, mhusika huyo hushindwa kutamka maneno, na kila amkutaye humtendea kwa kadiri hiyo, mchezo mzima. Tarakimu hapo si pambo la jedwali, ni majaliwa ya mtu.

Nikisema haya sina nia ya kujenga ukuta baina ya matapo haya, maana watungaji wenyewe hawakuujenga. Ultima ya kwanza yenyewe humtaka shujaa mwenye deraya apande chombo cha angani kabla hajamaliza safari yake, na Might and Magic ya mwaka 1986, inayoonekana kuwa hekaya tupu, humfunulia mwishoni mchezaji mvumilivu kwamba nchi aliyoizunguka ni chombo kilichotengenezwa.

Katika Afrika yetu kazi zilizokwisha kutoka zimeegemea upande wa hekaya. Kiro'o Games ya Kamerun ilitoa Aurion mwaka 2016, na mwaka 2024 Abubakar Salim, Mwingereza mwenye asili ya Kenya, alitoa Tales of Kenzera: Zau, ambao ingawa si mchezo wa uhusika kwa maana kamili, mtu aweza kuuchagulia sauti za Kiswahili na kumsikia kijana aliyefiwa na baba akibishana na mauti kwa lugha yetu. Nafurahia kazi hizo kwa moyo wote. Ninachokitamani ni mtungaji wa nyanda za kati atakayeshika upande wa pili, ule wa hisabu, akatunga nchi ya miaka mia mbili ijayo ambamo bonde la Bahi, reli ya Dodoma na visima vya Makutupora vingalipo, kina cha maji kikishuka kwa kanuni ambayo mchezaji aweza kuigundua akichunguza, na wafugaji, wakulima wa zabibu na walinzi wa pampu wakimjibu kila mmoja kwa lafudhi na haja zake. Mahesabu yake yatafanywa na vijana ambao tayari wanasoma programu katika Chuo Kikuu cha Dodoma, kwenye vilima vya Chimwaga. Majibu ya wakazi wale, maelfu ya sentensi zitakazobadilika kwa kadiri mchezaji alivyotenda kisimani, yatahitaji waandishi wa Kiswahili, na kwao kazi hiyo ni ya heshima sawa na riwaya, nayo yataka muda, mshahara na mhariri mkali.